Vita vya pili vya dunia vilianzia Uhabeshi

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa vita vya pili vya dunia vilianza lini, jibu linalompa alama ni Septemba 1, 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland. Ndivyo vitabu vinavyosema, na ndivyo mwalimu anavyosahihisha. Kabla ya tarehe hiyo kuna sura nzima ya Hitler, mkataba wa Versailles na mdororo wa uchumi wa 1929. Italia hupewa aya mbili. Uhabeshi, yaani Ethiopia, hupata mstari mmoja, mara nyingi chini ya kichwa cha udhaifu wa Shirikisho la Mataifa, jumuiya ya nchi iliyoutangulia Umoja wa Mataifa.

Mpangilio huo una watetezi wenye hoja nzito, na nitazieleza. Lakini siku hizi kila chama cha mrengo mkali wa kulia kinapopanda kwenye uchaguzi wa Ulaya, swali linarudi: je, siasa za kifashisti lazima ziishie kwenye vita vya dunia? Naona jibu limejificha kwenye ule mstari mmoja. Anayetaka kujua ufashisti ulivyogeuka vita vya dunia aanze na Mto Mareb, mpakani mwa Eritrea, wakati huo koloni la Italia, na Ethiopia, ambao majeshi ya Jenerali Emilio De Bono yaliuvuka Oktoba 3, 1935 bila Italia hata kutangaza vita.

Tuwasikilize kwanza wasiokubali. Wao wanasema vile vilikuwa vita vya kikoloni vya kawaida, ila vilichelewa miaka arobaini. Waingereza, Wafaransa na Wabelgiji walikuwa wameshafanya ya kwao. Wajerumani walizima Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Wahispania walitumia gesi ya sumu dhidi ya watu wa Rif, Morocco, miaka ya 1920. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehitaji ufashisti ili awe katili. Kama kila uvamizi wa Afrika ni mwanzo wa vita vya dunia, wanauliza, kwa nini tusihesabu tangu mkutano wa Berlin wa 1884?

Wana hoja ya pili. Mussolini alishika serikali Oktoba 1922, na miaka kumi na mitatu ikapita kabla hajaivamia Ethiopia. Franco wa Hispania na Salazar wa Ureno waliongoza tawala za jamaa hiyo hiyo, na nchi zao hazikuingia rasmi kwenye vita vya dunia. Hata Mussolini mwenyewe alingoja hadi Juni 10, 1940, Ufaransa ikiwa imeshapigwa, ndipo akaingia. Kwa hiyo, wanasema, si ufashisti uliowasha moto. Ni Ujerumani ya Hitler, yenye viwanda vyake, kisasi chake cha 1918 na chuki yake dhidi ya Wayahudi.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Aprili 1935 Mussolini alikaa meza moja na Waingereza na Wafaransa mjini Stresa kupanga namna ya kumzuia Hitler. Mwaka mmoja kabla, Wanazi wa Austria walipomuua Kansela Dollfuss, ni Mussolini aliyepeleka askari kwenye mpaka wa Brenner kumwonya Hitler asisogee. Wakuu wa London na Paris walikuwa na sababu ya kuogopa kumpoteza. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilikuwa limetawanyika, na Japan, iliyokuwa imeiteka Manchuria tangu 1931, ilitazamwa kwa hofu upande wa mashariki. Ukiwa na adui wawili na mizinga ya mmoja, unajaribu kumgeuza mmoja awe rafiki. Hiyo si akili ya kijinga, na waliokuwa nayo hawakuwa wote wapenda ufashisti. Wengi walikuwa watu walioona vita vya 1914 kwa macho yao na walitaka kuepusha vingine.

Nimejitahidi kuzieleza hoja hizi kwa haki kwa sababu nimezisikia kwa watu makini. Hata hivyo kila moja ina mahali inapovuja.

Ile miaka kumi na mitatu ya utulivu, kwa mfano, inapatikana tu ukiwatoa watu fulani kwenye hesabu. Agosti 1923, Mussolini akiwa hajamaliza mwaka madarakani, manowari zake ziliipiga mizinga Corfu, kisiwa cha Ugiriki, na kukikalia. Nchini Libya, kati ya 1929 na 1934, utawala wake uliwang'oa watu wa Barqa, mashariki mwa nchi hiyo, wapatao laki moja kutoka maeneo yao ya malisho na kuwafungia kwenye kambi za jangwani. Omar al-Mukhtar, mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyewaongoza kupigana, alinyongwa Septemba 1931 mbele ya watu wake. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Rodolfo Graziani, na jina hilo tutakutana nalo tena. Mwaka 1932, katika ensaiklopidia ya Italia, maelezo rasmi ya itikadi ya ufashisti yaliyotoka kwa jina la Mussolini yalisema wazi kwamba ufashisti hauamini uwezekano wa amani ya kudumu wala faida yake, na kwamba vita pekee ndivyo vinavyoinua nguvu za binadamu hadi kileleni. Aliyesema hivyo alikuwa mtawala mwenye jeshi, na alikuwa anatangaza ratiba.

Na vita vya Uhabeshi havikuwa vya kikoloni vya mtindo wa zamani, wa kampuni yenye hati na maofisa wachache na bunduki za Maxim. Italia ilipeleka mamia ya maelfu ya askari na vibarua, vifaru na mamia ya ndege. Nyuma yao taifa zima lilifungwa nira ya vita. Kitu kimoja kinaonyesha hilo kuliko takwimu. Desemba 18, 1935 wanawake wa Italia waliitwa kutoa pete zao za ndoa ili dhahabu iyeyushwe kwa ajili ya vita. Malkia Elena alitangulia, akaiweka yake kwenye mnara wa kumbukumbu mjini Roma. Wajane na mama wa waliokufa mwaka 1915 hadi 1918 wakafuata, halafu foleni ndefu za wake wa wafanyakazi. Kila mmoja aliondoka na pete ya chuma kidoleni. Maaskofu walibariki, na hata baadhi ya watu waliokuwa wakimpinga Mussolini walitoa dhahabu. Utawala uliokuwa umemuua mbunge Giacomo Matteotti mwaka 1924, ukafuta vyama na magazeti, sasa ulipata kile ambacho polisi peke yao hawakuweza kuuletea, yaani mapenzi ya watu. Uliyapata kwa vita. Baada ya ladha ile, kurudi kwenye siasa za bei ya ngano na mishahara kulikuwa kugumu sana kwa Mussolini, na hakurudi.

Kulikuwa na kisasi pia. Machi 1, 1896 jeshi la Menelik II liliishinda Italia pale Adwa, na aibu hiyo ilitunzwa kwa vizazi viwili kama deni. Safari hii gesi ilitumika. Italia ilikuwa imetia saini itifaki ya Geneva ya 1925 iliyopiga marufuku silaha hizo, lakini tangu Desemba 1935 ndege zake zilidondosha mabomu ya gesi ya haradali, baadaye zikainyunyiza kutoka angani juu ya wanajeshi, wanakijiji, mifugo na mito. Ruhusa ilitoka kwa Mussolini mwenyewe, kwa simu za maandishi ambazo zimehifadhiwa. Italia iliendelea kukana hadi 1996, serikali yake ilipokiri rasmi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kesi hii, nalo ni mafuta.

Ethiopia ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa tangu 1923. Katiba ya Shirikisho ilisema anayemshambulia mwanachama mmoja amewashambulia wote. Oktoba 7, 1935 Baraza lilitamka kwamba Italia imevunja katiba, na Novemba 18 vikwazo vikaanza. Isome orodha ya bidhaa ambazo Italia haikutakiwa kuuziwa: silaha, mpira, bati, nikeli, alumini ambayo Italia ilikuwa nayo ya kutosha, na wanyama wa kubeba mizigo. Farasi, nyumbu, punda na ngamia walipigwa marufuku kwa azimio la kimataifa. Petroli haikuguswa, wala makaa ya mawe, wala chuma cha pua. Jeshi lililokwenda kwa malori, vifaru na ndege lilizuiwa kununua punda.

Mfereji wa Suez nao ulibaki wazi. Meli zilizojaa askari wa Italia zilipita pale, zikalipa ushuru wao kama kawaida, mbele ya macho ya Uingereza iliyokuwa na jeshi Misri na hisa nyingi katika kampuni ya mfereji. Watetezi wa London wanasema mkataba wa 1888 ulitaka mfereji uwe wazi wakati wa amani na wa vita, na kuufunga kungemaanisha kupigana na Italia. Sawa, tuuache mfereji. Mafuta hayakuhitaji kufyatua hata risasi moja.

Jibu lao kuhusu mafuta ni kwamba Marekani haikuwa mwanachama wa Shirikisho na wafanyabiashara wake wangeuza tu. Ni kweli walikuwa wanauza, na mauzo yao kwa Italia yaliongezeka. Lakini Romania na Muungano wa Kisovyeti, waliokuwa wanachama, nao waliuza. Wataalamu wa Shirikisho walipokaa Februari 1936 walikadiria kwamba zuio la mafuta lingeibana Italia ndani ya miezi mitatu hadi mitatu na nusu, iwapo Marekani ingerudisha mauzo yake kwenye kiwango cha kawaida. Hebu tupige hesabu hiyo. Kama zuio lingeanza Novemba 18 pamoja na lile la punda, Italia ingeishiwa mwanzoni mwa Machi. Vita vya Maychew, ambako jeshi la Mfalme Haile Selassie lilivunjwa, vilipiganwa Machi 31. Waitalia waliingia Addis Ababa Mei 5, wakikimbizana na mvua za Juni ambazo zingeyanasa malori yao kwenye matope ya nyanda za juu. Tofauti kati ya ushindi na kukwama ilikuwa wiki chache za petroli.

Paul Schmidt, mkalimani wa Hitler, aliandika baada ya vita kwamba Mussolini alimwambia Hitler mwaka 1938 kuwa zuio la mafuta lingemlazimu aondoke Uhabeshi ndani ya wiki moja. Mussolini alikuwa mtu wa kutia chumvi, na sitaki kuijenga kesi nzima juu ya maneno yake. Hesabu ya wataalamu inatosha.

Badala ya zuio ulikuja mpango wa Hoare na Laval. Desemba 1935 mawaziri hao wa Uingereza na Ufaransa walikubaliana kimyakimya kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia ili anyamaze. Magazeti ya Paris yaliufichua, raia wa Uingereza wakakasirika, na Hoare akajiuzulu. Hasira hiyo haikutoka hewani. Miezi michache kabla, katika kura ya maoni ya hiari, Waingereza zaidi ya milioni 11 walipiga kura, na wengi mno kati yao walitaka mchokozi awekewe vikwazo vya uchumi. Wakati huohuo kulikuwa na ripoti ya siri ya Sir John Maffey iliyoiambia serikali kwamba Uingereza haina maslahi makubwa Ethiopia. Majasusi wa Italia waliipata, na mwezi Februari 1936 gazeti la Roma likaichapisha. Mussolini alikuwa akicheza karata huku akiziona za mwenzake.

Machi 2, 1936 Anthony Eden, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alitamka Geneva kwamba Uingereza sasa inaunga mkono zuio la mafuta. Siku tano baadaye Hitler aliingiza askari wake Rhineland, eneo ambalo mikataba ilimkataza. Suala la mafuta likawekwa kando na halikurudi. Hapa ndipo hoja ya Stresa inapovuja. Ni kweli Mussolini alikuwa upande wa kumzuia Hitler mwaka 1935. Lakini alichokuwa anadai kama bei ya kubaki upande huo kilikuwa nchi huru yenye kiti Geneva, na waliokubali kuilipa walipoteza vyote viwili. Julai 1936 vikwazo vilifutwa. Mwezi huohuo vita vya Hispania vikaanza, na Italia na Ujerumani wakaenda kupigana bega kwa bega. Novemba 1 Mussolini alitangaza mhimili wa Roma na Berlin. Desemba 1937 alitoka kwenye Shirikisho. Mwaka 1938 akatunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, akifuata zile ambazo mwaka uliotangulia zilikuwa zimewakataza Waitalia kuishi kinyumba na wanawake wa Kihabeshi. Watu wa Addis Ababa walikuwa wameshauonja utawala huo. Februari 19, 1937, baada ya jaribio la kumuua Graziani, mashati meusi, yaani wanamgambo wa kifashisti, na vibarua wa Kiitalia waliachiliwa siku tatu waue wapendavyo na kuchoma nyumba zikiwa na watu ndani. Ethiopia ilitaja waliokufa kuwa 30,000. Watafiti wengine wanataja idadi ndogo zaidi, nayo bado ni maelfu kwa maelfu.

Mchina anaweza kusema yeye ana haki zaidi ya kudai mwanzo, kwa Manchuria ya 1931. Sibishani naye. Lakini Manchuria ilionyesha kwamba Shirikisho ni dhaifu mbali na Ulaya, wakati Uhabeshi ulionyesha kwamba Uingereza na Ufaransa hazitalilinda hata pale wenye nchi wanapopigana, meli za adui zinapopita chini ya bunduki zao, na wapiga kura wao wenyewe wanataka hatua. Hitler alikuwa mwanafunzi wa somo hilo la pili.

Kuhusu Franco na Salazar, nakubali kwamba ufashisti pekee hautoshi. Unahitaji nguvu ya kutekeleza unachokitangaza. Hispania ilitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe ikiwa hoi, na bado ilipeleka watu wa kujitolea kupigana upande wa Hitler dhidi ya Wasovyeti. Ndiyo maana nasita kumwita kila mwanasiasa mkali wa leo mfashisti, na kila ushindi wake kituo cha kuelekea vita vya tatu. Neno likitupwa ovyo halitasikika siku litakapohitajika. Kinachonishughulisha zaidi ni jinsi kumbukumbu inavyosafishwa. Agosti 2012, kijijini Affile karibu na Roma, ulifunguliwa mnara wa kumbukumbu wa Graziani, uliojengwa kwa fedha za umma.

Kwetu Afrika Mashariki vita hivyo havikuwa habari ya redio. Mwaka 1935 Jomo Kenyatta, akiwa London, alikuwa katibu wa chama cha Waafrika marafiki wa Uhabeshi, pamoja na C.L.R. James na Amy Ashwood Garvey. Mwaka 1940 ndege za Italia zilipiga mabomu Wajir na Malindi, na Moyale ilitekwa baada ya kuzingirwa. Halafu Keya, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walipanda kaskazini mwaka 1941 pamoja na majeshi kutoka Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini, huku askari wa Kongo wakiingia kutoka magharibi na kuuteka mji wa Saio. Upande wa pili, Italia iliwategemea sana askari wa Eritrea na Somalia, Waafrika kwa Waafrika. Mei 5, 1941, miaka mitano kamili tangu mji wake uangukie mikononi mwa Waitalia, Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa. Vijana wetu waliisaidia nchi ya Kiafrika kujikomboa huku wenyewe wakirudi nyumbani kubeba kipande, kitambulisho cha lazima cha kikoloni. Anayeteremka kutoka Nairobi kwenda Naivasha kupitia Mai Mahiu hupita kando ya kanisa dogo la mawe lililojengwa na mateka wa Kiitalia mwaka 1942. Wengi hupiga picha pale bila kujua wale mateka walitekwa wapi na nani.

Kwa anayeona bado nalazimisha tarehe, kuna hati moja ambayo haijaandikwa na Mwafrika. Mkataba wa amani kati ya washindi wa vita vya pili vya dunia na Italia ulitiwa saini Paris Februari 10, 1947. Ibara yake ya 38 inasema kwamba kwa upande wa Ethiopia, wajibu wa Italia utahesabiwa kuanzia Oktoba 3, 1935. Mataifa yaleyale ambayo vitabu vyao vinaanza na 1939 yaliweka saini chini ya tarehe hiyo. Ethiopia ilipewa fidia ya dola milioni 25, Yugoslavia milioni 125, Ugiriki milioni 105.

Kwa kutegemea mkataba huo, Ethiopia iliwasilisha mwaka 1948 majina kumi ya watuhumiwa wa uhalifu wa kivita, Badoglio na Graziani wakiwemo, na tume ya kimataifa ya uhalifu huo ikakubali kwamba wengi wao wana kesi ya kujibu. Hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa. Badoglio, aliyeliongoza jeshi lililonyunyiza gesi, alikuwa amebadili upande mwaka 1943 na Waingereza walimhitaji. Alifariki nyumbani kwake mwaka 1956. Graziani alihukumiwa na mahakama ya Italia mwaka 1950 kifungo cha miaka 19 kwa kosa la kushirikiana na Wajerumani, akatoka baada ya miezi michache. Katika hukumu hiyo Libya na Uhabeshi hazikuwa sehemu ya mashtaka.